Mpangaji wa Nani?

Swali la nne kwenye fomu yetu lilikuwa na visanduku viwili: "Mwenye nyumba" na "Mpangaji". Ukiweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, fomu inaishia hapo. Mradi ulikuwa wa kusaidia watu kulipa kodi ya nyumba, na kodi hulipwa na mpangaji. Nilifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya kurudi chuo kusoma shahada ya uzamili ya historia. Mkataba uliniita msimamizi wa mashauri. Mitaani Bukoba niliitwa yule binti wa kodi, jina lililoeleweka haraka zaidi. Nilipokea maombi, nikatembelea chumba, nikazungumza na mwenye nyumba na mjumbe, nikaandika faili. Ombi likikubaliwa, fedha za miezi mitatu zilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba.

Kashai, Hamugembe na Rwamishenye faili zilifanana. Chumba kimoja, choo cha pamoja, LUKU ya kuchangiana, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi. Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba na mabaraza yake, lakini ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe. Wanavyopatana kila aliyewahi kutafuta chumba anajua.

Waombaji wengi walikuwa wanawake wa zaidi ya miaka arobaini. Nilipowauliza walikotoka, wachache walitaja nyumba nyingine ya kupanga. Wengi walisema: "Nimetoka kwenye kibanja."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: kibanja ni shamba la migomba lenye nyumba katikati, na kahawa na maharage chini ya migomba. Nje ya vibanja kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako kwa desturi wanawake walilima vishamba vya muda vya njugumawe. Mtu hupata heshima kwa kuwa na kibanja. Babu wamezikwa humo. Ndiyo maana mwanamke akisema ametoka kwenye kibanja, hasemi amehama tu.

Mradi ulipofika Muleba, swali la nne likaanza kunisumbua kweli. Nilimtembelea mjane mmoja karibu na Nshamba. Alikuwa ameishi kwenye kibanja cha mumewe miaka thelathini na moja. Mume alipofariki, shemeji yake alimwambia avune kahawa ya msimu ule kisha arudi kwao. Kwao, kaka zake walikuwa wameshagawana.

"Shikamoo bibi. Nyumba hii ni yako?"

"Marahaba. Ni ya ukoo, mwanangu."

"Kwa hiyo wewe ni mpangaji?"

Alicheka mpaka akashika goti. "Mpangaji analipa. Mimi nilikuwa nalima."

Sikuweka alama popote. Niliandika maelezo pembeni, na ofisi ikairudisha fomu ikitaka nichague kimojawapo. Kwa mujibu wa masharti hakustahili: hakuwa na mkataba, hakuwa na mwenye nyumba wa kupokea fedha, na hakuwa na deni la kodi. Nilianza kusoma historia ya ardhi ya Buhaya jioni, kwanza kwa hasira, nikitafuta neno ambalo lingetosha kwenye kisanduku.

Neno lilikuwepo. Kihaya kina jina la zamani la mtu anayeishi kwenye kibanja cha mwingine: omutwarwa. Bwana wake ni omutwazi. Yote mawili yanatokana na kutawala. Kwa Kiswahili mpangaji ni mtu aliyepanga, aliyefanya mpango. Kwa Kihaya ni mtu anayetawaliwa. Nadhani Kihaya kilikuwa kikweli zaidi.

Utaratibu huo uliitwa nyarubanja. Mukama, yaani mfalme wa moja ya falme za Buhaya kama Kiziba, Kianja au Ihangiro (eneo kubwa la Muleba ya leo ni Ihangiro), alimpa ndugu yake au mtu aliyemtumikia vizuri eneo lenye vibanja kadhaa pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Watu hao hawakuhama. Waliamka asubuhi kwenye migomba ileile, lakini sasa walikuwa na bwana wa kumpelekea pombe ya ndizi na sehemu ya mazao, na kumfanyia kazi. Wajerumani walipojenga boma Bukoba mwaka 1890 na kuwaegemea wafalme waliokubaliana nao, Kahigi wa Kianja akiwa maarufu kuliko wote, nguvu za wafalme hao juu ya ardhi ziliongezeka. Kisha kahawa ikageuka fedha. Shamba lenye kahawa lilikuwa na thamani ambayo shamba la ndizi peke yake halikuwahi kuwa nayo, na malipo kwa omutwazi yakageuzwa kuwa shilingi. Waingereza waliurithi utaratibu huo, wakaulalamikia na kuuandikia kanuni, lakini hawakuuondoa. Hans Cory na Hartnoll waliueleza kwa kirefu katika kitabu chao cha sheria za kimila za Wahaya, kilichotoka mwaka 1945, na ukisoma sura hizo unaweza kudhani unasoma kanuni za milki ya jiji.

Uhuru ulipokuja, mambo yalikwenda mbio. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ukombozi wa namna hiyo ukapelekwa kwenye upangaji wa kimila wa sehemu nyingine za nchi. Omutwarwa akawa mwenye kibanja. Katika historia ya wapangaji wa Tanzania sijui hatua kubwa kuliko hii, na inanishangaza jinsi tunavyoijua kidogo. Azimio la Arusha tumekaririshwa tangu shule ya msingi. Sheria ya 1965, iliyotangulia Azimio kwa miaka miwili na kumwondolea mkulima wa Buhaya bwana wa kumtolea kodi, niliisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na tano.

Lakini nani hasa alikombolewa? Sheria ilimwona mpangaji aliyekuwa na bwana nje ya familia. Ndani ya familia haikuingia. Mwaka 1963, ule ule wa kufutwa kwa machifu, serikali ilichapisha tamko la sheria za kimila ambalo kanuni yake ya 20 ilisema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo waliruhusiwa kuitumia maisha yao yote bila kuwa na mamlaka ya kuiuza. Kutumia bila kuuza, kukaa kwa hisani ya wenye mali: ukimwondoa omutwazi na kumweka kaka au shemeji, mama wa Nshamba yumo humo humo. Na mwaka 1968, katika shauri la akina Verdiana Kyabuje dhidi ya Gregory Kyabuje, Mahakama Kuu iliikuta mila hii ya Wahaya na ikakataa kuibadilisha, kwa hoja kwamba itabadilika watu wenyewe watakapobadilika. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Bunge libadilishe nyarubanja bila kuwasubiri mabwana.

Mabadiliko yalipokuja yalitoka Muleba, na yaliletwa na mwanamke mmoja aliyeuza shamba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ilimpa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Rufaa ilifika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, naye mwaka 1990 akasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume. Mpwa alipewa miezi sita: akitaka kuikomboa ardhi, amrudishie mnunuzi shilingi 300,000 zake, akishindwa, ni ya mnunuzi.

Wanasheria husoma hukumu hii kama ushindi wa Katiba, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama faili. Hukumu haikumwambia Bernardo kwamba ukoo si kitu. Ilimwambia kwamba, kama ukoo unaitaka ardhi, uilipie kama mtu mwingine yeyote.

Kuna wanawake waliolijua hilo mapema zaidi. Katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, mwanahistoria Luise White anaeleza habari za wanawake wa Kihaya waliokwenda Nairobi miaka ya 1930, bei ya kahawa ilipoanguka. Walipanga vyumba Pumwani, wakaketi milangoni na kufanya umalaya, na fedha zikarudi nyumbani kuinua mashamba ya wazazi wao. Utani juu ya wanawake wa Kihaya umeishi kuliko wao, na bado hutolewa kwenye vijiwe na watu wasiojua unakotoka. Unatoka kwenye kodi. Mwanamke alilipia chumba mji wa mbali ili kibanja cha nyumbani, ambacho huenda asingekirithi, kisipotee. Na kibanja alichonunua mwenyewe hakikuwa cha ukoo. Kilikuwa chake.

Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilionyesha tena nani huhesabiwa. Nyumba zilibomoka Bukoba, Missenyi na kwingineko, na misaada ikaja kwa sura ya maturubai, mabati na saruji. Waombaji wangu kadhaa walikuwa wamepanga kwenye nyumba zilizoanguka siku ile. Bati lina maana kwa mwenye ukuta. Wao walikusanya vyombo vyao wakatafuta chumba kingine, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko cha kwanza, kwa sababu vyumba vilikuwa vimepungua.

Mama wa Nshamba hatukumsaidia. Shauri lake lilikwenda kusuluhishwa kwenye baraza la kata. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua vizuri kwenye karatasi, lakini nilipoacha kazi usuluhishi ulikuwa bado unaahirishwa, na kahawa ya msimu wa pili aliivuna akiwa bado pale. Niliambiwa shemeji alikuwa amechoka kupanda mlima wa kwenda ofisi ya kata.

Mwenye nyumba niliyependa kufanya naye kazi kuliko wote alikuwa bibi wa Hamugembe mwenye vyumba sita. Kiwanja, aliniambia, kilinunuliwa na mama yake kwa fedha za Nairobi, na alilisema hilo bila kupunguza sauti ingawa mafundi walikuwa wanasikia. Hakudai miezi sita, alipokea mwezi kwa mwezi. Sharti lake lilikuwa moja. Mara mbili nilimletea mkataba ulioandikwa jina la mtoto wa kiume wa mpangaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha taifa, na mara zote mbili aliukataa na kutaka uandikwe jina la mama.