Daftari na Bunduki: Jeshi la Nyandarua, 1953 hadi 1956

Agosti 1953, miezi 10 tangu serikali ya kikoloni itangaze Hali ya Hatari, viongozi wa wapiganaji wa Mau Mau walikutana Mwathe, ndani ya msitu wa Nyandarua unaoonekana ukipanda kutoka Giakanja, eneo la Tetu, Nyeri. Vijana wa Tetu walikuwa wameingia msituni vikundi vikundi, kila kikundi na mkubwa wake. Mwathe iliwaunganisha. Likaundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, na Dedan Kimathi wa Waciuri, mzaliwa wa Tetu, akachaguliwa rais wake akiwa na miaka 32.

Wenzake walimzidi kwa uzoefu wa vita. Stanley Mathenge, mkuu wa kikosi cha Nyeri kilichoitwa Ituma Ndemi, alikuwa amepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China wa Mlima Kenya, vilevile. Kimathi alikaa jeshini muda mfupi tu, kisha akawa mwalimu na baadaye karani wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union). Ndiyo maana alisisitiza jambo ambalo wengine waliliona la ofisini: kila kambi iwe na mwandishi. Daftari ziandike majina ya wapiganaji, silaha, mapigano na waliokufa. Karari Njama, naye mwalimu, akawa katibu mkuu. Februari 1954 Baraza likapanuliwa kuwa Bunge la Kenya, huko huko porini.

Hebu fikiria hali yenyewe. Tangu Novemba 1953 ndege za Lincoln za Uingereza zilikuwa zikidondosha mabomu juu ya msitu ule. Bunduki nyingi za wapiganaji zilikuwa za kujitengenezea, bomba la maji likiwa mtutu, komeo la mlango likirushwa kwa mpira kugonga risasi. Katika hali hiyo Kimathi alitembea kambi hadi kambi, akisikiliza kesi, akipandisha watu vyeo, akitaka hesabu. Kwangu mimi huo ni ushujaa sawa na wa kufyatua risasi, maana jeshi linalopigwa kutoka angani husambaratika upesi likikosa utaratibu.

Umoja wa Mwathe haukudumu. Mwaka 1955 Mathenge na wenzake wasiosoma waliunda Kenya Riigi, wakilalamika kwamba wenye kalamu wamewatawala. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Wakati huohuo, chini ya msitu, wananchi walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, na akina mama wakilazimishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu ili chakula kisipande. Njaa ndiyo iliyowamaliza wapiganaji kuliko mabomu.

Alfajiri ya 21 Oktoba 1956, baada ya kuwindwa kwa miezi, Kimathi alipigwa risasi ya paja karibu na handaki hilo, huko Tetu, na askari wa kikabila, Ndirangu Mau. Novemba alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kumiliki bastola, akahukumiwa kifo. Mkesha wa kunyongwa alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Nyeri, akimwombea mwanawe shule. Alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957, akazikwa humo humo gerezani.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, na sanamu ya Kimathi ikazinduliwa Nairobi 2007. Mjane wake, Mukami, aliomba mabaki yake ayazike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuyapata.