Ua la Usambara na Majina Yake

Mtafsiri akutanapo na jina la Kiingereza la lile ua dogo la zambarau lipandwalo vyunguni, aghalabu huandika "urujuani wa Afrika". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa maneno, lakini inapotosha kwa maana. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya ua hilo, kwani ina funzo kwa kila ashughulikaye na istilahi.

Mmea huo huota wenyewe katika misitu ya Tanzania na Kenya, hasa katika milima ya Usambara, penye miamba yenye kivuli na unyevu. John Kirk aliuchuma mwaka 1884, na Mchungaji W. E. Taylor, yule yule aliyehifadhi mashairi ya Muyaka, mwaka 1887. Lakini vielelezo vyao havikutosha kuupa jina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, ambaye mwaka 1893 aliuita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni la kuwaenzi baba na mwana. La pili, lenye asili ya Kiyunani, lina maana ya "wenye maua kama urujuani".

Wendland alisema "kama". Lugha ya mitaani ikasema "ni". Kwa kweli mmea huu si wa familia ya urujuani, Violaceae, bali ni wa Gesneriaceae.

Yafaa kukumbuka kwamba Saint Paul-Illaire naye alikuwa mjuzi wa Kiswahili, na mwaka 1890 alikwisha kutoa kitabu cha kuifundisha lugha hii. Ua likapita mikononi mwa wajuzi wawili wa Kiswahili, na hata hivyo jina lililoingia vitabuni halikuchukua neno hata moja la wenyeji. Wajerumani walau walilitaja jina la Usambara katika lugha yao ya kila siku. Waingereza wakataja bara zima.

Si kwamba wenyeji hawana utaratibu wa kuainisha mimea. Kishona nguo huitwa hivyo kwa sababu mbegu zake hung'ang'ania nguo; kifauwongo, kwa sababu hukunja majani yakiguswa. Lakini jina hili la pili hushika mimea zaidi ya mmoja, kwa kuwa hutazama tabia, si ukoo. Ndiyo maana kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, iliyotolewa mwaka 1937, ina thamani hadi leo: kila jina la Kiswahili limeunganishwa na jina la kisayansi.

Hata jina la kisayansi hubadilika. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea wetu katika jenasi ya Streptocarpus.

Hatuna budi, basi, kuwauliza kwanza wazee wa Usambara, kuchukua kielelezo cha mmea wenyewe, ndipo tuandike jina. Kabla ya hapo, mtafsiri na aandike "saintpolia", na jina la kisayansi kando yake. Kuazima jina si aibu. Aibu ni kulitafsiri kosa la wengine na kuliita istilahi.