Ningu, Samaki Aliyepanda Mto

Ndugu zetu Wanakashozi, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wazungu walipopandikiza samaki aina ya trauti katika mito ya milimani nchini Kenya, mwanzoni mwa karne iliyopita, huku kwetu tulikuwa tayari na samaki anayepanda mito: ningu. Makao yake ni Ziwa Viktoria, lakini mvua zikinyesha na mito ikifurika, hupanda Mto Kagera na mito inayoingia humo ili kutaga mayai. Wazee wetu walimngoja kwa msimu, wakamtega kwa migono.

Nyavu za kisasa za kutega zilianza kutumika ziwani mwaka 1905, upande wa Kenya, kisha zikaenea. Zilipotandwa kwenye midomo ya mito, zilimnasa ningu akiwa na mayai tumboni. Tukawa tunakula mtaji tukidhani ni faida. Kufikia miaka ya 1960 ningu wa Kagera alikuwa amepungua mno.

Tumezoea kumlaumu sangara. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kushamiri upande wetu baadaye sana. Hasara ya ningu ilikuwa imekwishaingia, kwa mikono yetu sisi binadamu.

Basi mikono hiyohiyo inaweza kurekebisha. Mchango tunaouomba mwaka huu ni wa kupanda miti kwenye kingo za vijito vyetu, na kukaa na wavuvi tukubaliane midomo ya mito iachwe wazi wakati wa mvua. Changia, watoto wetu nao wamjue ningu.