Tarehe ya Mahjub bin Adam, Askari wa Dar es Salaam

Mwaka 1889 ofisa Mjerumani Hermann von Wissmann aliandikisha askari wa Kisudani mjini Cairo, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri, aliyewapinga Wajerumani. Baada yao Wasudani wengine waliendelea kutumikia jeshi la Wajerumani. Wakaoa huku, wakazaa. Mmoja wao, Adam Mohamed, alipanda hadi cheo cha efendi, na tarehe 22 Februari 1904, Dar es Salaam, alipata mtoto wa kiume: Mahjub.

Mtoto alikijua Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani Lindi angali mdogo. Vita ilipozuka mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mahjub alikuwa na miaka 10. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kusini kule, katika mapigano yaliyoua watu wengi kuliko karibu yote ya vita ile Afrika Mashariki, kisha akatekwa na Waingereza. Umri huo mwenziwe yuko chuoni na juzuu mkononi.

Vita ikaisha, mshahara haukulipwa. Mahjub akawa baharia na mtumishi wa melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai malimbikizo yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Mtoto amesafiri mpaka Ulaya kudai jasho la mzazi wake, anaambiwa muda umepita! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari zake.

Alibaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuoni Berlin, mji ambamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alitangulia kukifundisha. Januari 1933 alimuoa Maria Schwandner. Siku chache baadaye Hitler akashika madaraka.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa. Basi akajinunulia dukani, akavaa sare ya askari, akaibandika kifuani, akapiga picha. Wapo watakaoiona picha ile kuwa ni ya mtu aliyewapenda mno watawala wake. Mimi naona mtu mwenye stakabadhi ya deni. Jeraha la Mahiwa alilipata yeye. Nani mwingine wa kumthibitishia?

Alipata riziki kwa kuigiza filamu, mara nyingi akiwa mtumishi au mbeba mizigo. Katika Carl Peters, ya mwaka 1941, alipewa nafasi kubwa kidogo, katika hadithi ya kumsifu Peters mwenyewe, mtu aliyewanyonga Waafrika Kilimanjaro. Mwaka huohuo akashtakiwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani asiye mkewe, kosa kwa mtu mweusi machoni pa Wanazi, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila hukumu ya mahakama. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Watoto wake wawili walikuwa wamekufa wadogo kabla yake. Wa tatu, Bodo, aliuawa na mabomu mwaka 1945, na hapo kizazi chake kikakatika. Tangu 2007 jina lake limo katika kijiwe cha ukumbusho chenye bamba la shaba, njiani Brunnenstraße, Berlin, alikowahi kuishi. Ningependa walimu wa Lindi, wanapofundisha vita vya Mahiwa na kumtaja kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, wamtaje na mwana wa Efendi Adam.