Kukadiria Wastani kwa Sampuli: Mfano wa Tunduma na Nchi ya Songwe

Neno wastani, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ya kwanza ni kitu cha katikati. Watakwimu wamelipa maana nyembamba zaidi: jumla iliyogawanywa kwa idadi. Watu wakihesabiwa wote, wastani hupatikana kwa kugawanya tu. Wakihesabiwa wachache, hapana budi kutafuta njia ya kuusogeza wastani wa hao wachache karibu na ule wa wote.

Mwaka 1948, Tunduma ilipokuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, Tanganyika ilihesabiwa mara mbili. Kwanza watu wote waliulizwa maswali machache. Kisha sampuli, kadiri ya Waafrika kumi kwa mia, wakaulizwa mengi zaidi. Hesabu ya wote ndiyo iliyokuwa mizani ya sampuli.

Shauri hilo ni la zamani. Mwaka 1802 Laplace alikadiria watu wa Ufaransa bila kuwahesabu wote. Katika wilaya alizochagua watu 2,037,615 walihesabiwa, akaona kila mtoto mmoja azaliwaye kwa mwaka alilingana na watu 28 na zaidi kidogo. Ndipo akazidisha kiasi hicho kwa vizazi vya nchi nzima.

Twaweza kulitazama jambo hili katika Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016. Tunduma ni mji wa mpakani, wenye wafanyabiashara na madereva. Mbozi ni nchi ya wakulima wa kahawa. Kaya zao hazifanani. Tuseme, kwa mfano tu, kaya za mjini ni 200 na za vijijini 800, nasi tumeuliza 50 kila upande, tukapata wastani wa watu 4 mjini na 6 vijijini. Tukizichanganya zote twapata 5. Lakini kila upande ukipewa uzito wake wa kweli, wastani ni 5.6.

Hata hivyo mizani ikichakaa hudanganya. Songwe ilikuwa na watu 998,862 mwaka 2012, na 1,344,687 mwaka 2022. Atumiaye uzito wa zamani mahali panapokua hivyo atakosea hata kama sampuli yake ni njema, na kosa lake litaonekana katika madarasa yasiyotosha na dawa zisizofika.