Sepsisi: Jiko la Mwili Linapofuka Moshi

Eldoret wazee wanaiita Sisibo, kwa namba ya shamba, 64, ambapo mji ulizaliwa. Hospitali yake ilianza zama za Vita Kuu ya Kwanza ikiwa hospitali ndogo. Leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, tegemeo la wakazi wa magharibi mwa Kenya. Ugonjwa mmoja ni wa kale kuliko hospitali yenyewe: maambukizi yaliyoanzia kwenye kidonda, mapafu au uzazi yanauangusha mwili mzima.

Wagiriki wa kale waliuita sepsisi, yaani kuoza. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wanawake wanaojifungua, na vifo vikapungua sana. Penisilini ikaja baadaye, ikaokoa wengi. Hata hivyo, kuna waliokufa ilhali vijidudu vimekwisha kuuawa. Kwa nini?

Jibu lilianza mbali. Mwaka 1904 Franz Knoop, Mjerumani, aliwalisha mbwa asidi za mafuta alizozitia alama, akapima mkojo wao, akagundua kwamba mwili huzikata kipande kwa kipande. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Marekani wakaeleza kimeng'enya kinachoizima oksijeni kali ndani ya seli.

Seli ni kama jiko la makaa. Katika sepsisi, mafuta humiminika kwenye damu, lakini mitokondria, yaani jiko lenyewe, hushindwa kuyachoma vizuri. Nguvu hupungua, na oksijeni kali, mithili ya moshi, huunguza figo, moyo na mapafu. Mwili unajiumiza wenyewe katika kujitetea.

Afrika Mashariki nayo imeifundisha dunia. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliougua homa kali, ulionyesha kwamba waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa takriban 11 katika kila 100. Wasiomiminiwa hivyo walikufa 7. Tiba iliyoaminika kote ilikuwa ikiwadhuru watoto wetu.

Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika ya kulitengeneza jiko hilo. Silaha ni kuwahi. Mzazi wa mitaa ya Langas au Huruma hapa Eldoret, mtoto mwenye homa akipumua mbio, miguu ikawa baridi, akakataa kunyonya, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.