Amekamata Mwizi Ngapi? Malalamiko ya Babu na Historia ya Mishahara ya Nyota

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari polisi wa Uganda. Alistaafu zamani, akarudi nyumbani karibu na mji wa Lira, lakini mambo mawili hakuyaacha kambini: kuamka saa kumi na moja alfajiri na kugombana na redio. Hugombana nayo kwa Kiswahili cha askari, kile ambacho mhadhiri wangu wa sarufi angekijaza wino mwekundu kuanzia neno la kwanza. Anasema Kilango ni cha kuongea na watu anaowapenda.

Likizo iliyopita tulisikiliza pamoja taarifa ya habari ya jioni. Habari ya kwanza ilikuwa ya mwanasiasa aliyezindua mradi ambao, kwa kumbukumbu ya babu, ulikwisha kuzinduliwa mara mbili. Ya pili ilimhusu mchezaji mmoja wa Ulaya: klabu moja ilisemekana kumtaka, klabu hiyo ikakana, na wakala wake akakataa kusema lolote. Habari hiyo ya watu watatu wasiosema kitu ilichukua dakika nne. Ya tatu ilikuwa ya mwanamuziki aliyebadilisha rangi ya gari lake. Ya mwisho, kabla ya hali ya hewa, ilikuwa sentensi mbili kuhusu mgomo wa walimu wa shule za msingi. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa uani akiosha sufuria, na hadi anafika mlangoni sentensi zile mbili zilikwisha.

Babu akazima redio. “Mjukuu,” akasema, “hii mtoto ya mpira anapata pesa mingi hivi kwa wiki moja. Amekamata mwizi ngapi?”

Nilicheka, kisha nikagundua kwamba sina jibu. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na historia, mwaka wa tatu, na ada yangu inatoka kwenye mshahara wa mwalimu. Katika insha hii nitajaribu kumjibu babu. Hoja yangu ni moja: malalamiko yake ni ya haki, ila yanamwangukia mtu asiyehusika. Historia haituonyeshi kwamba mchezaji akilipwa kidogo mwalimu hulipwa zaidi.

Tuanze kwa kukubali kwamba babu si wa kwanza. Katika karne ya 2 aliishi mwendesha magari ya farasi aliyeitwa Gaius Appuleius Diocles, mzaliwa wa Lusitania, yaani eneo la Ureno ya leo na sehemu ya Hispania. Maandishi ya kumsifu yaliyochongwa kwenye jiwe yanasema alishindana kwa miaka 24, akaingia mashindano 4,257, akashinda 1,462, na akastaafu akiwa na umri wa miaka 42. Zawadi zake kwa jumla zilikuwa sestasi 35,863,120. Ona kwamba mchongaji hakuacha hata zile 120 za mwisho. Kabla yake kidogo, mshairi Juvenal wa Roma alikuwa amekwisha kulalamika kwamba mwalimu hupata kwa mwaka mzima kiasi ambacho mshindi hupewa kwa ushindi mmoja. Niliposoma hayo nilitamani kumpelekea babu habari kwamba ana ndugu aliyekufa karibu miaka 1,900 iliyopita.

Lakini Roma haikuwa na taarifa ya habari ya jioni. Ili kuelewa nyota wa leo lazima tuangalie gazeti la bei rahisi. Mwaka 1833 mjini New York lilianzishwa gazeti la The Sun, likauzwa senti moja wakati magazeti mengine makubwa yaliuzwa senti sita. Senti moja haikuweza kulipia kazi yote. Faida ilitoka kwa wafanyabiashara walioweka matangazo, nao walitaka jambo moja tu: wasomaji wengi. Hapo msomaji akaacha kuwa mteja peke yake, akawa pia bidhaa. Mwaka 1835 The Sun lilichapisha mfululizo wa makala kwamba mtaalamu wa nyota ameona mwezini viumbe kama watu wenye mabawa ya popo. Ulikuwa uongo mtupu, na watu wakalinunua kwa hamu. Kwa hiyo tusilaumu sana habari ya rangi ya gari. Gari lile angalau lipo.

Baadaye magazeti yaligundua njia bora kuliko kungoja habari, nayo ni kuitengeneza. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la michezo la Ufaransa lililoitwa L'Auto lilikuwa likishindwa na mpinzani wake, Le Vélo. Mwandishi kijana, Géo Lefèvre, akamshauri mhariri wake Henri Desgrange waandae mbio za baiskeli za kuizunguka nchi nzima. Ndivyo yalivyoanza mashindano ya Tour de France mwaka 1903. Waendeshaji 60 walianza, 21 wakamaliza, na Maurice Garin akashinda. Aliyeshinda zaidi ni gazeti: mauzo yakapanda sana, na mwaka uliofuata Le Vélo likafungwa. Kila jasho la mwendesha baiskeli lilikuwa wino wa kesho yake.

Hata kombe la klabu bingwa Ulaya, ambalo hujaza vibanda vyetu vya mpira Kampala usiku wa katikati ya wiki, lilizaliwa kwenye meza ya wahariri. Mwishoni mwa 1954 timu ya Wolverhampton Wanderers iliifunga Honvéd ya Hungaria, na magazeti ya Uingereza yakaitangaza kuwa bingwa wa dunia. Gabriel Hanot wa gazeti la L'Équipe la Ufaransa alipinga kelele hizo, akapendekeza yaandaliwe mashindano ya kweli. Msimu wa 1955/56 mashindano yakaanza, na Real Madrid ikatwaa kombe la kwanza. Tunapolalamika kwamba vyombo vya habari vinawapa nyota nafasi kubwa mno, tukumbuke kwamba mara nyingi vyombo hivyo ndivyo vilivyojenga jukwaa lenyewe.

Sasa nifike kwenye jaribio ambalo babu angelipenda. Kuanzia 1901 chama cha soka cha Uingereza kiliweka kikomo cha mshahara wa mchezaji: pauni 4 kwa wiki. Kikomo kilipanda polepole, na kufikia 1960 kilikuwa pauni 20 wakati wa msimu. Kwa hiyo kwa miaka sitini nchi hiyo iliishi katika ndoto ya babu: mchezaji alipata mshahara wa kawaida. Tom Finney, mmoja wa washambuliaji bora wa zama zake, aliendelea na kazi yake ya fundi bomba huku akichezea Preston na timu ya taifa. Mtu alimshangilia Jumamosi, na Jumatatu angeweza kumwita azibe bomba linalovuja.

Je, fedha zilikwenda kwa walimu? Msimu wa 1948/49 watu zaidi ya milioni 41 walipita kwenye malango ya viwanja vya ligi ya Uingereza, na kila mmoja alilipa kiingilio. Hakuna lango lililokuwa na kisanduku cha kupeleka sehemu ya kiingilio kwa mwalimu, muuguzi au askari. Fedha nyingi zilibaki mikononi mwa klabu na wakubwa wake. Kikomo kiliondolewa Januari 1961, si kwa sababu mtu aliwaonea wachezaji huruma, bali kwa sababu chama chao, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa mchezaji wa kwanza nchini humo kulipwa pauni 100 kwa wiki. Hilo ni funzo nitakalolirudia.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na babu anaujua kuliko mimi. Tarehe 2 Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikimbia njia ya ndani kabisa, yenye kona kali, na bado akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Naye alikuwa askari polisi, kama babu. Wakati ule sheria za Olimpiki zilimtaka mwanamichezo awe wa ridhaa, asiyelipwa kwa kukimbia. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Montreal, akakosa nafasi ya kulitetea taji lake. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, bingwa wa Olimpiki akakimbilia Kenya na kuishi kambi ya wakimbizi kabla ya kupata njia ya kwenda Ujerumani.

Nilimuuliza babu: Akii-Bua hakulipwa mamilioni. Wewe, askari mwenzake, uliongezwa shilingi ngapi kutokana na hayo?

Babu hakujibu. Alitafuta betri za redio, ambazo zilikuwa ndani ya redio.

Nisije nikaonekana wakili wa matajiri, kuna mahali ambapo babu ana haki kabisa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ndondi mjini Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na mdhamini mkuu alikuwa serikali ya Mobutu Sese Seko, iliyotaka dunia ilione jina la Zaire. Pambano lilianza yapata saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, kwa sababu Marekani ilikuwa bado usiku wa kuamkia siku hiyo na watu wa huko walikuwa macho mbele ya skrini. Wenyeji ndio waliogharamia, na wenyeji ndio waliokesha. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Hapo swali la babu linapaswa kuulizwa kwa sauti kubwa, kwa kuwa fedha zilitoka kwenye mfuko wa umma, mfuko uleule anaolipwa nao mwalimu.

Mishahara ya leo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa hutoka kwingine. Mwaka 1992 Ligi Kuu ya Uingereza ilianza ikiwa na mkataba na televisheni ya kulipia. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikaamua katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda klabu nyingine katika nchi za Umoja wa Ulaya bila ada ya uhamisho. Televisheni ilileta fedha, na Bosman akawapa wachezaji nguvu ya kuzidai. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain ililipa yuro milioni 222 kumchukua Neymar. Fedha hizo huanzia kwa mtazamaji. Na mtazamaji, ndugu msomaji, ni mimi.

Hapa lazima niungame. Muhula uliopita nilipiga hesabu nyuma ya daftari langu. Kibanda ninachokwenda hutoza shilingi 1,000 kwa mechi. Nilikuta kwamba nimelipa mlangoni pale zaidi ya nilivyolipa kwa kutoa nakala za vitabu vya masomo yote. Shilingi hizo zilitoka kwa mama. Kwa maneno mengine, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Lira alikuwa akichangia mshahara wa mshambuliaji wa London, na mwanawe ndiye aliyeubeba mchango.

Nihitimishe basi. Nyota hulipwa sana kwa sababu macho yetu yana bei, na kwa zaidi ya miaka mia moja magazeti, redio na televisheni zimekuwa zikiyauza. Kumpunguzia mchezaji hakumwongezei mwalimu. Uingereza ilijaribu kwa miaka sitini, na Munich ilitupa bingwa asiyelipwa. Wachezaji walipata haki yao walipoungana na kuidai. Walimu waliogoma walikuwa wakifanya kama alivyofanya Jimmy Hill mwaka 1961, isipokuwa wao walipewa sentensi mbili, baada ya gari.

Nilimsomea babu rasimu ya insha hii kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo redio haijawahi kulipata. Kisha akasema, “Sawa, mjukuu. Hiyo mtoto ya mpira nimeachilia. Sasa sema: ile shilingi elfu moja ya mama yako, mwizi ni nani?”

Jumamosi hii kuna mechi kubwa. Bado sijaamua.